Geuza Kwanza: Namna ya Kukisoma Kitenge cha Wax Kabla Hujatoa Hela

Mama mkubwa alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1998, vita vilipofika Kalemie, Kongo. Alishuka Kibirizi, hapa Kigoma, na watoto watatu, sufuria moja na sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na vikwembe 11. Kikwembe ni kitenge kwa Kiswahili cha Kongo, na yeye alikuwa ameolewa kule miaka mingi kiasi kwamba neno "kitenge" lilishamtoka mdomoni.

Tulidhani ni nguo zake. Kumbe ilikuwa akiba. Noti za Zaire zilipokuwa zinaoza mkononi miaka ya 1990, yeye aliacha kuweka pesa akaweka vitambaa, na hapa Kigoma akawa anavitoa kimoja kimoja, muhula kwa muhula, vikalipa ada na kodi ya chumba. Mimi nilikuwa msichana wa shule. Kazi yangu ilikuwa kubeba mzigo hadi soko la Mwanga na kukaa kimya wakati yeye anauza.

Mteja wa kwanza alipoanza kulalamikia bei, mama mkubwa hakubishana naye. Alikishika kitambaa kwa ncha akakigeuza. "Angalia mugongo yake," akasema. "Mwenye kudanganya anapambaga uso tu." Yule mama akaangalia, akavutavuta, akalipa.

Siku hizi nina cherehani yangu hapo hapo Mwanga, na mara nyingi naletewa kitambaa naambiwa "fundi, hiki wax orijino" na mimi naona kabisa kuwa sicho. Nashona na kunyamaza, kwa sababu hela imeshatoka. Haya ninayoandika ni ya kusomwa kabla haijatoka.

Mgongo kwanza, uso baadaye

Mwambie muuzaji akifungue kitambaa, usikubali kukiona kikiwa kimekunjwa ndani ya nailoni. Kigeuze. Kitenge cha wax hakina ndani wala nje: rangi ya nyuma ina nguvu sawa na ya mbele, na fundi akishona upande wowote hajakosea. Printi ya kawaida imepigwa chapa upande mmoja, hivyo nyuma imepauka kama kanzu iliyosahaulika juani.

Zamani jaribio hilo lilitosha. Sasa wapo wanaopiga printi pande zote mbili, kwa hiyo ukiona mgongo umekolea, usifurahi bado. Tafuta mipasuko.

Kama umewahi kufanya batiki, hili utalielewa haraka. Unayeyusha nta, unachora au kugonga muhuri kwenye shiti jeupe, unatumbukiza kwenye rangi. Penye nta rangi haiingii. Lakini nta ikishakauka, ukikunja kitambaa inapasuka, rangi inapenya kwenye ufa, na ukishaichemsha nta ikatoka, inabaki mishipa myembamba kama ya jani. Kitenge cha wax (wax ni nta kwa Kiingereza) kinafanywa hivyo hivyo, ila kwa rola za kiwandani, na badala ya nta hutumika utomvu wa moto unaopigwa mbele na nyuma. Kitambaa huingizwa kwenye nili, utomvu hupasuka, hutolewa, kisha rangi nyingine hufuata moja moja. Ni kazi ya hatua zaidi ya ishirini, na hapo ndipo bei yake inapotoka.

Sasa fanya hivi. Chagua ua moja kwenye kitambaa, halafu nenda umbali wa mkono mmoja au miwili mpaka umwone pacha wake, yaani ua lile lile limerudiwa. Linganisha mishipa ya yote mawili. Kwenye wax ya kweli haitafanana hata ufanyeje, kwa sababu kila ufa ulipasuka wenyewe. Kwenye printi mishipa imechorwa, kwa hiyo ufa wa ua la kwanza utaukuta kwenye la pili, na la tatu, pale pale, na kona ile ile. Nimewaonyesha wateja jambo hili wakabaki wanacheka kwa uchungu.

Angalia pia kama rangi ya pili, mathalani njano ndani ya petali, imetoka kidogo nje ya mstari wake. Wengi wanadhani hiyo ni kazi mbovu. Mimi nikiona mpaka umenyooka mno kila mahali ndipo napata wasiwasi.

Kwa nini kasoro ndiyo sifa

Hapa nitakaa kidogo, maana ukishaijua hadithi hii mkono wako wenyewe utakuwa unatafuta mishipa.

Mabingwa wa batiki ni watu wa kisiwa cha Java, Indonesia. Kwao ufa kwenye nta ni aibu ya fundi. Waholanzi waliokuwa wakiwatawala waliona biashara: tukiifanya kwa mashine kwetu, tutawauzia rahisi. Miaka ya 1850, kwenye kiwanda cha Prévinaire mjini Haarlem, ikapatikana mashine ya kupiga utomvu pande zote mbili za kitambaa. Mashine ilikimbia vizuri, lakini utomvu ulipasuka hovyo na kuacha mishipa na vitone kila mahali. Wajava wakaviangalia vitambaa hivyo wakavikataa.

Sasa sogea Elmina, kwenye Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo. Kati ya 1831 na 1872 Waholanzi waliandikisha huko vijana wapatao 3,000 kwenda kupigana vita vyao Indonesia. Wenyeji wa kule waliwaita Belanda Hitam, Waholanzi Weusi. Inasimuliwa kwamba waliorudi makwao walirudi na batiki masandukuni, na jicho la watu wa pwani ile likaanza kuzoea maua ya Java. Miaka ya 1890 mfanyabiashara Mskoti, Ebenezer Brown Fleming, akaanza kupeleka vitambaa vya Haarlem Pwani ya Dhahabu. Wanawake wa sokoni wakavipenda, na walichokipenda ni ile mishipa iliyokataliwa Java. Hakuna vipande viwili vinavyolingana. Ukivaa chako, ni chako.

Kampuni nyingine ya Uholanzi, iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846 na van Vlissingen, ndiyo hii tunayoiita Vlisco, na inapiga wax hadi leo. Ghana wana kiwanda cha GTP pale Tema, na Abidjan, Ivory Coast, kuna cha Uniwax. Kongo nao walikuwa na viwanda vyao vya nguo, Sotexki ya Kisangani na Filtisaf pale pale Kalemie. Mama mkubwa alipokuwa anasimulia ujana wake, watu walijua saa kwa zamu za Filtisaf.

Mteja mmoja, kijana msomi, aliwahi kuniambia kwamba kitenge si cha Mwafrika, ni cha Mzungu aliyemwibia Mwindonesia. Nilimuuliza kama jana alikula ugali. Akasema alikula. Mahindi yalitoka Amerika, nikamwambia, na hujawahi kuyaita ya Mmarekani.

Ukingo, uzi, tepu

Kwenye ukingo wa kitambaa pana maandishi. Yasome herufi moja moja, usiyatazame kama picha. Cha Vlisco huandikwa "Guaranteed Dutch Wax Vlisco", au kwa Kifaransa "Véritable Wax Hollandais Vlisco" kwa masoko ya kina mama mkubwa. Anayeiga huwa anakopi maneno makubwa na kukwepa jina. Utakuta "Dutch Wax" imeandikwa kwa mbwembwe, halafu jina la kampuni hulielewi, au herufi moja imeruka. Neno "Dutch" (yaani ya Uholanzi) peke yake halithibitishi chochote.

Halafu omba uzi mmoja kutoka kwenye ncha iliyokatwa. Muuzaji mkweli hatakunyima uzi. Toka nje ya duka, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki majivu unayoweza kuyapuliza. Kama uzi umejikunja, umeyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni poliesta, na ukiivaa Uvinza mwezi wa tisa utanikumbuka.

Sugua kitambaa kwa viganja viwili. Vingine vimejazwa wanga ili viwe vizito na vitoe sauti ya upya; ukisugua unga unabaki mkononi, na ukifua mara moja kinalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Kisha lowanisha ncha ya leso nyeupe, sugua mahali penye rangi nzito. Rangi kidogo si neno. Leso ikigeuka bluu, rudisha.

Pima mwenyewe. Pisi ya yadi 6 ni karibu mita tano na nusu. Wapo wanaouza mita 5 kwa jina la yadi 6, na unakuja kugundua kwangu wakati kilemba hakitoshi. Upana uwe kama sentimita 115 hadi 120.

Na printi si haramu, jamani. Sare ya kwaya, nguo ya kushindia, pazia, zote printi inaziweza, na mimi mwenyewe hapa cherehani nimevaa printi. Ubaya ni kulipia printi bei ya wax. Ipo pia java, laini na nyepesi, inapigwa chapa moja kwa moja bila utomvu. Hiyo usiitafutie mipasuko, ni kitambaa cha aina yake na kina heshima yake.

Uliza jina

Hapa ndipo nilipoungua.

Sisi tumezoea kanga. Kanga imeandikwa, ina jina lake chini, na ukimpelekea wifi maneno makali huwezi kusema hukujua kusoma. Kitenge hakiandikwi katikati. Kiwandani kinatoka na namba tu. Jina hupewa sokoni, na wanawake wanaouza na wanaovaa, kisha linasafiri kwa mdomo. Kwa hiyo unaweza kuvaa matusi ukidhani umevaa maua.

Mwaka 2011 nilipewa kazi ya sare: mashangazi 14 wa bibi harusi, sherehe ya kumuaga, bwana harusi akiwa mtu wa Uvira, Kongo. Kitambaa nilichagua mimi. Kilikuwa kizuri ajabu, kina maumbo kama macho makubwa, rangi ya chungwa juu ya bluu. Mashangazi wakaingia ukumbini kwa mwendo wa kunesa, na meza ya upande wa bwana harusi ikaanza kucheka chinichini. Mama mmoja wa Uvira akashindwa kujizuia: "Bashangazi, munatuletea bibi ao munatuletea macho?" Ukumbi mzima wa Wakongomani ukaangua.

Kumbe kitambaa kile wanakiita Jicho la Mpinzani Wangu, kwa Kifaransa L'œil de ma rivale. Mpinzani hapo ni mke mwenza au hawara. Mke anakivaa kumwambia mwenzake: nakuona. Nilikuwa nimewavalisha mashangazi 14 vita ya uke wenza, siku ambayo binti hata mume hajamzoea. Nusu ya hela ya ushonaji niliirudisha bila kuombwa, na mama mkubwa, aliyekuwa hai bado, alinigombeza wiki nzima. "Kikwembe iko na jina. Ulikuwa unauliza nani?"

Sikuwa nimeuliza mtu. Tangu siku ile nauliza, na majina niliyoyakusanya nayatumia hivi.

Ndege anayetoka kwenye tundu lililo wazi: Si tu sors, je sors. Ukitoka, na mimi natoka. Huyu mke anamtahadharisha mume mwenye miguu mirefu. Mpe rafiki yako mwenye ulimi, usimpe mama mkwe. Mume Wangu Anaweza, Mon mari est capable, ni cha kujivunia, na ukikinunua kwa hela yako mwenyewe sirini, nani atajua. Kuna kinachoitwa Six bougies, na hapa watu hukosea: bougie kwa Kifaransa ni mshumaa, lakini ni plagi ya gari pia, na kitambaa kina plagi sita. Gari la silinda sita lilikuwa gari la wenye nacho. Anayekivaa hasemi habari za kuwasha mishumaa.

Mbayuwayu wanaoruka, Ghana wanasema pesa ina mabawa. Hicho unaweza kumpa mtu yeyote, hata mwenyekiti wa kikoba. Mkono wenye sarafu kiganjani ni mchoro wa tangu miaka ya 1890. Na ule wa duara ndani ya duara, vitone vikizunguka kitovu, Ghana ni kisima cha maji na kwingineko ni sahani ya santuri. Maana ya kitambaa inabadilika ukivuka mpaka, kwa hiyo swali si "kinaitwaje?" bali "kwa watu nitakaokutana nao, kinaitwaje?" Majina bado yanazaliwa. Upo mchoro wa mkoba uliopewa jina la mkoba wa Michelle Obama, na Vlisco wenyewe wakalikubali.

Waliojua nguvu ya jina kuliko wote ni wanawake wa Lomé, Togo. Walikuwa na haki ya kuuza michoro fulani peke yao, wakaipa majina, wakaisambaza Afrika Magharibi na ya Kati, na wakatajirika hadi wakaitwa Nana Benz kwa sababu ya magari yao ya Mercedes. Serikali ilikuwa ikiazima magari hayo kutoka kwao inapopata wageni wakubwa. Januari 1994 faranga ya CFA iliposhushwa thamani kwa nusu, kitambaa cha Uholanzi kikawa ghali mno kwa wateja wao, na vya bei nafuu kutoka China vikaingia mlangoni.

Kwa mahari ya upande wa Kongo, kaa macho zaidi. Vikwembe huandikwa kwenye orodha pamoja na vitu vingine, na kile cha mama mzaa chema mara nyingi hutakiwa kiwe wax ya Uholanzi, hata super wax, ile ya daraja la juu. Kitageuzwa mbele ya watu. Kile kizazi kilikua wakati wa Mobutu, suruali na wigi zilipopigwa marufuku kwa wanawake na kikwembe kikawa vazi la taifa. Hawa hawahitaji kiberiti kutambua, wanakisikiliza tu kinavyokunjuliwa.

Ukiwa huna Mkongomani wa kumuuliza, muulize anayekuuzia, kisha muulize jirani yake wa duka la pili. Majibu mawili yakilingana, nunua.

Kabla mkasi haujagusa

Kifue kwanza, maji baridi, sabuni laini, peke yake kwenye beseni. Pamba hurudi, na afadhali irudi kabla ya kushonwa kuliko baada. Kuloweka kwenye chumvi kwa nia ya kushikisha rangi ni kuipoteza chumvi. Wax nzuri imeshashika na mbaya haitashika. Anika kivulini, piga pasi upande wa nyuma. Najua nimesema hakina nyuma: chagua mmoja, ufanye ndio nyuma.

Tandika kitambaa chote chini kabla ya kukata. Ndege wana vichwa. Nimepokea gauni la kurekebisha ambalo mbele mbayuwayu wanapaa na mgongoni wanaanguka. Maumbo makubwa ya duara yasogeze kulia au kushoto yasitue juu ya matiti wala makalio, isipokuwa mwenye nguo ameomba hivyo, na wapo wanaoomba. Kwenye mishono ya ubavuni patanisha maua; hii hula kitambaa, kwa hiyo gauni ambalo kwa kitambaa cha rangi moja lingetumia yadi 3, kwa michoro mikubwa tenga 4. Yadi 6 zinatoa sketi, blauzi, kilemba na kipande cha kumfungia mtoto. Ukingo wenye maandishi usiutupe. Mama mkubwa aliniagiza niuweke kwenye pindo la chini, usomeke anapotembea.

Vikwembe vyake 10 viliuzwa. Cha 11 ninacho mimi, plagi sita za bluu, hakijawahi kukatwa. Nacho nakitunza hivi: hakikai kwenye nailoni, kimefungwa na shuka kuukuu la pamba. Mara mbili kwa mwaka nakitoa, nakianika kivulini asubuhi moja, kisha nakikunja upya mahali tofauti na pale pa mwanzo, kwa sababu mkunjo ukikaa sehemu moja miaka mingi unakata uzi.